Waliomba Mara Moja

Jumapili, 2 Juni 1957

Siku ya kuonana. Nimefika getini kwa mabikira, kwenye nyumba ya watawa, kabla ya mama wengine wote. Mukantwari wangu amependeza. Kile kitambaa cheupe cha manovisi, wanafunzi wa utawa, kinamkaa yeye kuliko wenzake wanne, na si mi ninayesema, hata bikira wa getini ameniambia. Urefu ule, shingo ile. Haikutoka kwa jirani.

Lakini hatukuwa wawili. Hatuwi wawili kamwe. Sheria ya nyumba: mama akiongea na mtoto wake, lazima bikira mmoja akae chumbani. Na nani anakaa? Sista wao yule yule, Masere Felisita. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mwaka wa pili huu. Anakaa pale pembeni na soksi anayofuma, macho chini, masikio juu.

Namuuliza mtoto: unakula vizuri? Kwanza anamtazama yule. Homa ya Machi imekwisha kabisa? Anamtazama yule. Utadhani homa ilikuwa ya Felisita.

Masere Felisita! Mi namjua akiitwa Mukamurenzi, hajui hata kuwasha moto wa kuni mbichi, namwonyesha mi. Tuliingia kwa mabikira pamoja mwaka 1932, yeye na mi, wasichana wa kwanza wa hapa. Nyumba ilikuwa haina paa. Tulibeba mawe meusi kutoka ufukweni mpaka kilimani, tukiimba. Mi nikatoka mwaka 1934. Yeye akabaki, na sasa ndiye mlezi wa manovisi.

Nilitoka kwa sababu ya Nzabonimpa. Alikuwa analeta chokaa kwa mtumbwi na alikuwa ananichekesha. Mamere wa zamani, mkubwa wa nyumba, aliniambia nichague. Nikachagua. Nimepata mume mpole, nyumba ya bati, na nilizaa watatu, akabaki Mukantwari. Sijuti.

Naandika Kiswahili kwa sababu wifi yangu Nyirahabimana anafungua kila kitu kilicho ndani ya nyumba hii, na Kinyarwanda anasoma. Kiswahili mi nilikulia nacho kule Goma, baba alikuwa karani wa duka. Haya, wifi, fungua.

Jumatano, 5 Juni

Nilikwenda dispensari ya mabikira. Sikuwa mgonjwa. Nilisema mgongo. Ukisema mgongo wanakuweka kwenye benchi refu, unaona kila kitu.

Nimemwona Mukantwari akifanya kazi. Ilikuwa siku ya mizani, watoto wachanga kama arobaini. Anampokea mtoto kwa mama yake, anamweka kwenye mizani, mtoto anafungua mdomo alie — halii. Sijui anawaambia nini. Kisha mzee mmoja, kidonda cha mguu, mi nilikinusa kutoka mlangoni. Mukantwari alikisafisha kama anaosha sahani. Kisha akawakusanya wale mama, akawafundisha kuchemsha maji, na uji wa mtoto uchanganywe vipi. Watu wa kijiji cha Nyakiriba wanamwita kwa jina. Wanaacha foleni ya bikira mzungu, wanahamia kwake.

Nilishindwa kukaa kimya. Kando yangu alikuwa mwanamke ametoka Mudende na mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Unamwona yule mrefu?" Nilitaka tu aulize.

"Ule? Ule ni mutoto ya Masere Felisita," akasema. "Hata mukono ni moja. Angalia vile anafunga bandeji."

"Ni mutoto yangu mi."

Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Eh, bon," akasema, akaendelea kumpapasa mtoto wake.

Nimerudi bila kutazamwa mgongo. Sasa unauma kweli.

Jumamosi, 15 Juni

Tiriko imekwisha, sweta la Mukantwari. Sufu ya kahawia, nzito. Aliniletea Saidati, jirani yangu fundi cherehani, kutoka kwa ndugu zake Goma. Nimeifuma siku kumi. Kiangazi kimeingia, na upepo wa Mudende asubuhi unakata mashavu, na manovisi wanapanda kule kwa miguu kila Alhamisi kutazama wagonjwa. Mikono ya tiriko nimeifanya mirefu. Mukantwari ana mikono ya baba yake, hakuna bikira mwingine wa mikono ile. Sikuhitaji kumpima. Mama hasahau.

Nimeiacha getini. Bikira akaipokea kwa mikono miwili, akasema Mungu akuongezee.

Jumapili, 23 Juni

Misa ya kwanza. Mabikira wakaingia kwa mstari. Tiriko yangu ikaingia. Ndani yake, Felisita.

Mikono ameikunja mara mbili.

Mahubiri sikuyasikia. Nikaenda kupokea komunyo na hasira yangu mdomoni, Mungu anisamehe.

Nikapita kwa Saidati. Ni Mwislamu, lakini mambo ya mabikira anayajua kuliko mi, anawashonea mashuka ya wodi ya wazazi. Akasema, "Dada, kwao hakuna changu wala chako. Kitu kikiingia getini kinakwenda kabatini, na mwenye baridi ndiye anapewa."

"Felisita ana baridi gani, na mwili ule?"

"Kifua chake kibovu tangu mvua za Aprili. Hujasikia anavyokohoa?"

"Basi alimuuguza mtoto wangu Machi, akachukua na ugonjwa wake."

Saidati akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Mama Mukantwari! Hata kikohozi unakionea wivu?"

Mi sina wivu. Nauliza tu kwa nini vyote viende kwa mtu mmoja.

Jumapili, 7 Julai

Habari kubwa. Mukantwari ataweka nadhiri tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Maria mbinguni. Siku hiyohiyo nyumba ya mabikira inatimiza miaka ishirini na mitano. Jubilei! Watakuja wageni mpaka wa Bukavu. Manovisi ni watano, na aliyechaguliwa kunakili historia ya nyumba katika daftari kubwa ni nani? Wangu. Kwa sababu ya mwandiko. Mwandiko huo ni wangu mi, nilimfundisha mezani hapa hapa. Baba yake akiandika utadhani kuku amekanyaga wino.

Alikuja nalo chumba cha wageni, akanisomea. Felisita pembeni na soksi yake. Historia nzuri sana. Jinsi Mamere wa zamani alivyofika na masanduku manne na mbuzi mmoja. Jinsi walivyolala miezi sita katika ghala la maharage. Njaa ya mwaka 1943, walivyopika uji kwenye mapipa na watu wakateremka kutoka Nyakiriba wakishikana. Wodi ya wazazi. Shule ya kushona. Mi nangoja. Nangoja. Halafu anasoma: "Mawe ya kwanza yalibebwa na Mukamurenzi na wengine."

Na wengine.

"Wengine nani?" nikauliza.

Mukantwari akamtazama Felisita. Felisita hakuinua kichwa. "Mamere wa zamani ndiye aliandika hivyo, Nyirabahire," akasema. "Sisi tunanakili tu. Aliandika majina ya waliobaki."

Wengine ni mi! Hakukuwa na mwingine. Tulikuwa wawili na mawe. Na mtoto huyu nimemsimulia tangu yuko mgongoni, anajua. Akaandika hivyo hivyo, "na wengine", kwa mwandiko wangu.

Nilitaka kuondoka. Ndipo Mukantwari akanieleza lile jingine. Mamere huyu mpya, aliyefika Krismasi kutoka Ulaya, ameleta utaratibu. Kabla ya nadhiri, yeye na mlezi wa manovisi wanakwenda nyumbani kwa wazazi wa kila msichana. Wanauliza kama mnamtoa kwa moyo wenu. Wazazi wanajibu, Mamere anaandika. Bila neno la wazazi, hakuna nadhiri.

Donc, basi, atakuja. Mukamurenzi atapanda njia yangu, atakaa kwenye mkeka wangu, ataniomba.

Nimerudi nyumbani nikitabasamu peke yangu barabarani.

Alhamisi, 18 Julai

Wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Nimepaka udongo mweupe ukutani. Maziwa nimeagiza Mudende, yale yaliyoganda vizuri.

Nimekaa na Nzabonimpa kupanga. Nikamwambia: msichana haombwi mara moja akatolewa. Nani amewahi kutoa binti hivyo, kama anatoa jembe kwa jirani? Wanaomba, tunakataa. Ni mdogo, ni mvivu, kuna wengine walifika kabla yenu. Wao wanacheka, wanakaa vizuri, wanamsifu, wanaomba tena. Hapo ndipo heshima yake inaonekana. Mi mwenyewe watu wa Nzabonimpa waliniomba toka asubuhi mpaka jua linalala, sauti zikawakauka.

Yeye akasema, "Wale si wachumba. Ni mabikira."

"Felisita alizaliwa Nyakiriba. Anajua."

"Na mzungu?"

"Felisita si ndiye anamtafsiria? Atamweleza."

Tukakubaliana hivi. Mi nakataa kwanza. Baba anakaa kimya. Wakiomba mara ya pili, baba anasimama na kutoa kwa sauti. Yeye amefurahi, kwa sababu maneno yake ni machache.

Jumamosi, 27 Julai

Niandike polepole.

Wamefika saa nne. Mamere na daftari jeusi, Felisita nyuma yake. Nimewakalisha kwenye mkeka mpya. Nimewapa maziwa, wakasema asante, wakayaweka chini. Mabikira hawali wala kunywa kwa watu, nilisahau. Hata hilo lilinichoma kidogo. Nyirahabimana alikuwa mlangoni, na Saidati upande wa pili wa ua anajifanya anaanika nguo.

Mamere akasema kwa Kifaransa chake, taratibu. Felisita akatafsiri. "Mungu amemwita binti yenu Mukantwari. Tunawauliza, baba na mama, kama mnamtoa kwa moyo wenu wenyewe."

Ndivyo alivyosema. Bila kusifu nyumba. Bila kusema ametoka kwa nani, ukoo gani. Akasema kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. Na macho yake chini, kama anafuma.

Nikajiweka sawa. Nikasema, "Simtoi. Mtoto mwenyewe ni mvivu. Kazi za nyumba hazijui. Nendeni mkatafute penye wasichana."

Nyirahabimana akacheka pale mlangoni. Ilikuwa nzuri. Wazee wangeipenda.

Nikamwangalia Felisita. Sasa, Mukamurenzi. Cheka, kaa vizuri, sema neno lako. Akanyanyua macho akanitazama. Muda mrefu. Halafu akamgeukia Mamere akasema maneno machache. Machache kuliko yangu.

Mamere uso ukambadilika. Akauliza kitu. Felisita akatafsiri: "Anauliza kama hilo ni neno lako mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha."

Na mi nikasema — hapa ndipo — nikasema, "Ni mdomo wangu huu. Simtoi."

Mamere akaandika. Mstari mmoja. Akamtazama Nzabonimpa. Na yeye, mume wangu, amekaa anangoja zamu yake! Anangoja kuombwa mara ya pili ili asimame. Akasema, "Mama yake amesema." Mamere akaandika tena. Akafunga daftari. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema merci, akainuka. Felisita akainuka. Wakatoka.

Tukabaki tunaangalia mlango.

"Wanarudi," nikasema.

Maziwa yako pale pale.

Jumapili, 28 Julai

Nimekaa nyumbani baada ya misa. Nimevaa vizuri. Wakirudi wanikute tayari.

Jumanne, 30 Julai

Hawajarudi.

Jumapili, 4 Agosti

Siku ya kuonana. Niliogopa watanizuia getini, hawakunizuia. Mukantwari akaja. Aliyekaa pembeni hakuwa Felisita, alikuwa bikira kijana, anasinziasinzia kitini. Na kwa mara ya kwanza mtoto wangu hakumtazama mtu mwingine. Alinitazama mi. Nilikuwa nimelitaka hilo miaka miwili, na lilipokuja sikujua niweke wapi uso.

"Mama, ulisema hapana?"

"Nilisema kama inavyosemwa. Baba yako alikuwa anasubiri waombe tena."

"Hawaombi mara mbili. Ndiyo sheria. Wenzangu wanne wanafanya mazoezi ya nyimbo za nadhiri. Mi nimepelekwa kufua."

"Kufua?"

"Mamere amenihurumia. Anadhani nitalia kanisani." Hakulia. Ni mtoto wangu. "Sema ndiyo, mama. Mwambie Mamere leo, yuko hapo ndani. Atafungua daftari, atafuta."

Neno lilikuwa mdomoni. Naapa lilikuwa mdomoni. Nikasikia nasema, "Felisita aje aombe tena. Anajua desturi. Alifanya makusudi."

"Basi ni yeye unamkatalia, si mi."

"Ana kila kitu. Hata tiriko niliyofuma kwa vidole hivi—"

"Mi si tiriko, mama." Alisema taratibu, sauti ile ile ya dispensari, ya watoto kwenye mizani. "Usiangalie nani amenivaa."

Kengele ikalia, akaenda. Anatembea kama mi nilivyokuwa natembea.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimemvizia. Siku ya kupanda Mudende, wanapita njia panda asubuhi. Nikasimama pale na kikapu, kana kwamba nanunua viazi. Akaja na manovisi wawili. Akawaambia watangulie.

"Nyirabahire."

"Mukamurenzi. Kwa nini hukumweleza mzungu?"

"Nilimtafsiria ulichosema."

"Ulitafsiri maneno. We unajua maneno yale ni ya nini."

"Nilitaka kumweleza. Nilikuwa nafungua mdomo. Ndipo nikakutazama usoni." Akaweka begi la dawa chini. "Mdomo ulikuwa unacheza. Macho hayakuwa yanacheza. Mi macho yako nayajua tangu zamani. Ulikuwa unakataa kweli."

Nikahamisha kikapu mkono wa pili.

"Ungeomba tena tu," nikasema. "Ungeona."

"Nyumba inauliza mara moja ili mzazi asije akakubali kwa kuchoka. Kuja majumbani ndiyo mpya, lakini kuuliza mara moja ni sheria ya tangu mwanzo, ya Mamere wa zamani." Akatazama barabara. "Ulipotoka mwaka 1934 niliomba ruhusa nije kwenu nikuombe urudi. Nilipiga magoti. Akaniambia nyumba haiombi mara mbili. Nikabeba mawe yaliyobaki peke yangu. Sikuimba."

Hilo sikulijua. Miaka ishirini na mitatu, nilidhani alifurahi kubaki na nafasi yangu.

Nikamuuliza lile ninalotaka kumuuliza siku zote. "Mukantwari anakuita nani? Mkiwa wenyewe."

"Masere. Angeniita nani?" Akacheka kidogo, si kwa furaha. "Unakumbuka homa ya Machi? Siku mbili alikuwa hajitambui. Nilikaa kitandani pake, nikamlowanisha midomo. Akawa anaita mama, mama. Nikamshika mkono, nikasema niko hapa. Akafungua macho, akaniona ni mi, akautoa mkono."

Akachukua begi lake akapanda kuwafuata wale wasichana.

Nilifurahi. Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Nilisimama pale njia panda na kikapu kitupu, nikafurahi mpaka nikaona aibu.

Jumanne, 13 Agosti

Nzabonimpa amekwenda kwa mabikira bila kuniambia. Alivaa koti la harusi. Akamwambia Mamere, mi baba natoa. Mamere akamjibu kwa heshima: mama ametamka hapana, na ni yeye mwenyewe atakayetamka vingine. Daftari litakuwa wazi mpaka sala ya jioni ya kesho. Baada ya hapo, mwaka ujao.

Amerudi amekaa na koti lake mezani. Huyu ambaye maneno yake ni machache. Akasema, "Nilikutoa mule ndani nikikuchekesha. Sikujua ningekuja kuona siku ambayo ungemfungia mtoto nje ya mlango ule ule."

"Ilikuwa desturi," nikasema.

"Ilikuwa desturi?"

Ukweli ni huu. Nilipotamka mara ya kwanza, nilikuwa nacheza. Nilipotamka mara ya pili, sikuwa nacheza. Niliona yule mwanamke amekaa kwenye mkeka wangu anangoja kupewa mtoto wangu bila hata jasho, na nikataka mara moja tu katika maisha yake arudi mikono mitupu.

Nimekwenda kwa mabikira mara mbili leo. Mara ya kwanza nikafika kwenye mti wa mkaratusi. Mara ya pili nikafika getini, nikashika kamba ya kengele. Ndani walikuwa wanaimba, wale wanne. Sauti ya tano ilikuwa inatoka upande wa kufulia nguo, inawafuata. Hajapewa mazoezi, lakini nyimbo zote anazijua. Sauti ile hata ningekuwa ndani ya maji ningeijua.

Nikaiacha kamba. Miguu haikutaka kuingia kuomba mtoto wangu apokewe, kama mwenye kosa. Na mwenye kosa ni mi.

Jumatano, 14 Agosti

Asubuhi. Nzabonimpa ameshuka ziwani bila kuniaga. Nimepiga pasi nguo yangu nzuri. Nimesema nikimaliza kola naenda. Nimemaliza kola. Nimeanza mikono.

Saidati ameniita kutoka ng'ambo ya ua. "Mama Mukantwari, chungulia. Una mchumba."

Nimechungulia.

Mukamurenzi anapanda njia yetu. Peke yake. Mabikira hutembea wawili wawili, tangu nizaliwe sijamwona mmoja barabarani. Na kichwani, juu ya shela nyeusi, amebeba mtungi. Pombe ya mtama, ya kuombea binti. Mkono mmoja ameshika mtungi, mwingine ameinua kanzu isiburute vumbi. Mwenye baiskeli ameshuka, amesimama. Wanawake wa kisimani wamesimama. Nyirahabimana sijui ametoka wapi, yuko tayari amefunga khanga kifuani kama siku ya shughuli.

Ametua mtungi mbele ya mlango wangu. Amekaa chini, upande ule wanaokaa waombaji. Vumbi lote kwenye kanzu.

Sijafungua. Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, daftari magotini.

Hakugonga mlango. Amesema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, neno kwa neno kama wazee wanavyosema. "Nabisha hodi kwenye nyumba ya Nzabonimpa na Nyirabahire, nyumba safi, yenye moto. Mi ni Mukamurenzi wa Nyakiriba. Leo sina ukoo nyuma yangu. Sikutumwa, na wakubwa wangu hawajui niko wapi. Ng'ombe sina. Nimesikia hapa kuna msichana."

Saidati amesema polepole, "Subhanallah."

Ni zamu yangu.

Nimesema kupitia kwenye ubao: "Msichana ni mvivu."

"Nimemwona akifua. Si mvivu."

"Hajui kupika."

"Hilo ni kweli. Nimekula maharage yake miaka miwili."

Kule nje wamecheka wote. Mi nimeuma kidole nisicheke. Nimemsikia na yeye anacheka, ile sauti ya kuvuta pumzi kwanza, sijaisikia tangu tulipokuwa wasichana.

"Mmechelewa," nimesema. "Kuna mwingine alikuja kabla yenu."

Desturi inataka aulize papo hapo: ni nani huyo, tukazungumze naye? Hakuuliza papo hapo. Kule kwa mabikira kengele ya saa sita imelia. Nimesikiliza kama atainuka. Hakuinuka.

Kisha amesogea. Sauti yake iko chini sasa, karibu na ubao, si ya watu wa barabarani tena.

"Ni nani alikuja kabla yangu, Nyirabahire?"

Komeo liko juu ya kichwa changu, nikinyoosha mkono nalifikia. Anangoja. Wote wanangoja. Na mi nimeketi hapa na kalamu, natafuta jina la kumtajia kabla sijafungua, na silioni ila langu—